Si Mkataba, ni Maelewano Tu

Wiki yangu ya mwisho kazini, mmoja wenu aliniuliza kwa nini masjala yetu inatunza daftari zima kwa ajili ya karatasi ambazo, kwa maneno yake, "hata mikataba si mikataba". Nilimjibu kwa mkato kwa sababu dirishani kulikuwa na foleni. Sasa nimestaafu. Niko nyumbani Buhongwa, chai naimaliza ikiwa bado ya moto, jambo ambalo sijalizoea, na nina nafasi ya kujibu kwa urefu. Nawaandikia nyinyi mliobaki masjala, na yeyote atakayekuja kukalia kile kiti kinachoyumba. Halmashauri sitaitaja, mwalo wenyewe, yaani ufukwe wanakotia nanga wavuvi, sitautaja, na wakurugenzi nitawaita wa kwanza na wa pili. Mambo yenyewe yamekwisha. Ninachotaka mkishike ni namna yalivyotokea, majina hayatawasaidia.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa nimetoka Magu asubuhi hiyo hiyo, nimevaa viatu vipya vilivyonibana. Masjala ilikuwa chumba kimoja chenye makabati ya chuma, dirisha la kupokelea barua, na meza ya Mzee Lameck. Alikuwa Mkerewe, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvuta pumzi kabla ya kumsahihisha mtu, ili mtu apate nafasi ya kujisahihisha mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kuhesabu?"

"Najua."

"Mpaka ngapi?"

Nilidhani ananitania. Alinipa jalada nene na kalamu nyekundu, akaniambia nizipe namba karatasi zote zilizomo, moja baada ya nyingine, kona ya juu kulia. Namba hiyo ndiyo folio. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada inapata folio yake, ya zamani chini, mpya juu, na mtu yeyote akiandika "rejea folio 31" kila mmoja anajua aangalie wapi. Nilifanya kazi hiyo wiki nzima. Siku ya tatu Mzee Lameck alipitia jalada langu, akavuta pumzi, akangoja. Sikuona kitu.

"Binti, hapa kuna kumi na saba mbili."

"Nitafuta mzee, samahani."

"Usifute. Ukifuta, mkaguzi atataka kujua ulikuwa unaficha nini. Andika kumi na saba A, saini pembeni. Watu wajue tu kwamba ulikosea."

Nilisaini. Nadhani ile kumi na saba A bado ipo kabatini.

Vifaa vilikuwa vichache. Mashine ya kutobolea karatasi, kamba za majalada zenye ncha za chuma, na mhuri wa kupokelea wenye magurudumu madogo ya tarehe. Gurudumu la mwezi lilikuwa gumu. Siku moja mwezi ulipinduka, mimi nikasahau kulizungusha, na kwa siku mbili halmashauri nzima ikawa inapokea barua za mwezi uliopita. Mtu wa afya alikuja dirishani kulalamika kwamba barua yake imepokelewa kabla hajaiandika. Nawaambia haya ili mjue kwamba makosa ya masjala mengi ni madogo na yanachekesha. Lile nitakalowasimulia lilianza likiwa dogo vilevile.

Kwanza niwaeleze hati ya maelewano ni kitu gani, maana najua baadhi yenu mnaipokea, mnaigonga mhuri, na hamjawahi kuisoma mpaka mwisho. Mkataba ni ahadi ambayo mtu akiivunja unaweza kumpeleka mahakamani. Kwa halmashauri, mkataba una njia yake: mwanasheria anausoma, kamati inaujadili, baraza la madiwani linaupitisha, ndipo mkurugenzi anasaini. Njia hiyo ni ndefu na inachosha, nakubali. Hati ya maelewano ni nyepesi. Pande mbili zinaandika kwamba zina nia ya kufanya jambo fulani pamoja, kila upande utafanya hiki na hiki, wanasaini, wanapigwa picha wakishikana mikono. Nimeona nyingi zenye manufaa. Tulikuwa na moja na halmashauri jirani kuhusu josho la ng'ombe lililokuwa mpakani. Kurasa mbili tu, na wafugaji wa pande zote mbili wakaacha kufukuzana. Kwa hiyo msidhani naichukia. Ila wepesi wake unamvutia mtu mwenye haraka. Akiiona njia ndefu ya mkataba, anaubatiza mkataba wake maelewano, kisha anausaini peke yake mezani.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mchapakazi, anafika ofisini kabla ya wafagizi. Nasema hivi kwa sababu nikisimulia habari hii watu hupenda kusikia kwamba alikuwa mwizi. Hakuwa mwizi. Alikuwa na haraka.

Siku hiyo alishuka masjala mwenyewe, jambo ambalo wakurugenzi hawafanyi, wao huita. Alikuwa ameshika karatasi tatu zilizobanwa kwa pini.

"Mama Kulwa, nitunzie hii."

Niliipokea, nikachukua kalamu. "Iende jalada gani, Mkurugenzi? Uvuvi au ardhi?"

"Hapana, usiipe namba bado. Hii si mkataba, ni maelewano tu. Yule bwana wa vizimba anataka kuanza, kaomba tumhakikishie sehemu ya kushushia chakula cha samaki pale mwaloni. Bado tunaongea."

"Lakini imeshasainiwa."

"Imesainiwa, ndiyo. Si unawajua wawekezaji, bila saini hawapati usingizi. Iweke mahali, nitaiulizia."

Vizimba, kwa yule ambaye hajaviona, ni nyavu kubwa zilizoshikiliwa na maboya ndani ya ziwa, na humo wanafugwa sato. Samaki wako majini, lakini chakula chao, mitumbwi na ghala lazima viwe nchi kavu. Hapo ndipo ugomvi wa vizimba huanzia.

Kila masjala ina ugonjwa wake, na wa kwetu ulikuwa majalada ya muda. Jalada la muda ni folda nyepesi isiyo na namba. Unalifungua pale jalada halisi linapokuwa mezani kwa bosi fulani na hujui litarudi lini. Jalada halisi likirudi, unahamishia karatasi humo na la muda unalichana. Kwa kuwa halitakiwi kuishi, haliingizwi kwenye orodha ya majalada. Ndivyo utaratibu unavyosema. Sisi tulikuwa na majalada ya muda yenye umri wa kuota ndevu.

Nilichukua folda, nikaandika juu yake kwa penseli "Vizimba", nikaisukumia droo ya chini ya kabati la nne, chini ya fomu za likizo. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema, "Mkurugenzi, karatasi yenye saini inapewa namba leo." Maneno hayo hayazidi sekunde tano. Sikuyasema kwa sababu nilimheshimu, na kwa sababu na mimi niliamini kwamba maelewano ni kitu kidogo.

Hakuja kuiulizia. Baadaye alihamishwa. Kwenye makabidhiano aliorodhesha magari, majengo, miradi, kesi na mikataba. Karatasi ile haikuwemo, maana haikuwa mkataba.

Mkurugenzi wa pili alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Hakuwa amemaliza hata kufungua maboksi yake alipopokea wageni kutoka mwaloni: wanawake watatu wa kikundi cha waanika dagaa, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Nyangeta. Huyu ni Mjita, mjane, mwenye kucheka kwa sauti na kukumbuka kila ulichomwambia. Pale mwaloni kuna ufukwe wa mchanga kati ya marundo mawili ya mawe makubwa, na kwa miaka yote wanawake walikuwa wanawaanika dagaa moja kwa moja mchangani. Afisa uvuvi alikuwa amewashauri wajenge chanja, yaani meza za miti zilizotandikwa wavu, dagaa wakauke juu juu bila mchanga. Ushauri walikuwa wameupenda. Kilichowatia wasiwasi ni ardhi.

"Miti tutanunua wenyewe, nyavu tutanunua wenyewe," Mama Nyangeta alisema, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimepeleka majalada. "Ila mkurugenzi, tukishajenga msije mkatuambia kesho kuna mwenyewe. Tafuteni kwanza kama kuna mwenyewe."

Mkurugenzi akaniandikia dokezo, akitaka kujua kama halmashauri ina makubaliano yoyote na mtu yeyote kuhusu ufukwe ule. Niliangalia orodha ya majalada. Uvuvi, ardhi, mikataba, migogoro, nikarudia mara mbili. Nikaandika chini ya dokezo lake: "Hakuna makubaliano yoyote kuhusu eneo hili." Nikasaini kwa mwandiko wangu mzuri. Ile folda ya penseli haikunijia akilini hata kidogo.

Baraza likapitisha azimio la kuwapa ufukwe. Wanawake wakajenga chanja ishirini na mbili. Nilipita pale Jumamosi moja nikinunua dagaa, nikaona zimejipanga kama madawati shuleni, dagaa wanang'aa juu yake, na nikajisikia vizuri kwamba na mimi nimechangia mstari mmoja.

Miezi michache baadaye alikuja dirishani meneja wa vizimba, Bwana Gerald, mtu wa makamo, mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Naomba kumwona Mkurugenzi. Vizimba vyetu tumeshaviingiza ziwani, chakula kinakuja wiki ijayo, lakini sehemu yetu tumekuta kuna meza za dagaa."

"Marahaba. Sehemu yenu?"

"Ndiyo, hii hapa." Akanisogezea nakala, kurasa tatu.

Niliitazama saini, kisha mhuri, nikaikumbuka ile folda ya penseli. Siku zote nimekuwa mtu wa kujibu haraka dirishani. Siku hiyo nilimwambia asubiri, nikaenda kusimama nyuma ya kabati kama mtu anayetafuta kitu.

Mkurugenzi alituita mimi na mwanasheria wetu, Deus, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa tai zake. Nakala ya Bwana Gerald ilikuwa mezani.

"Hii tunayo?" akaniuliza.

"Naomba nikaangalie vizuri, Mkurugenzi."

Deus alinifuata mpaka mlangoni mwa masjala. Aliongea kwa sauti ya chini, nusu utani.

"Mama Kulwa, kama haipo kazi yangu ni nyepesi. Naandika kwamba ofisi haina kumbukumbu ya hati hiyo, jamaa anatafuta ufukwe mwingine, akina mama wanaendelea na chanja zao."

"Na kama ipo?"

"Kama ipo, usinionyeshe hapa mlangoni."

Ilikuwepo, chini ya fomu za likizo. Penseli ilikuwa imeanza kufifia. Nilikaa kwenye kile kiti nikaisoma kwa mara ya kwanza. Ilisema halmashauri "itatenga" ufukwe wote kati ya mawe na mawe kwa ajili ya vizimba. Ilisema makubaliano yataendelea "mpaka pande zote zitakapoona vinginevyo", yaani bila mwisho. Ilisema yaliyomo ni siri baina ya pande mbili. Ilikuwa na saini ya mkurugenzi peke yake, bila shahidi, bila mwanasheria, bila baraza. Sikuwa nimewahi kuona karatasi tatu zilizotoa vingi hivyo kwa maneno machache hivyo.

Niwaeleze nilichofikiri, kwa sababu ndiyo sehemu ngumu. Nikiichana, wanawake wanapona na mimi napona. Hakuna ambaye angejua. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Nilikumbuka kwamba wanawake nao walikuwa na karatasi yao, azimio la baraza, folio namba fulani katika jalada la uvuvi. Kama leo ofisi inaweza kusema haina karatasi ya vizimba wakati inayo, basi siku nyingine, chini ya mkurugenzi mwingine, itaweza kusema haina karatasi ya wanawake. Na mtu wa kuzipoteza karatasi zote mbili angekuwa ni mimi, au mmoja wenu.

Nilipanda nayo juu. Niliiweka mezani pamoja na folda yake.

"Uliniandikia hakuna," Mkurugenzi alisema.

"Niliangalia orodha. Hii niliitoa kwenye orodha mwenyewe, kwa kutoiingiza. Nilikosea tangu siku niliyoipokea."

Deus alikuwa anaangalia dari. Kisha Mkurugenzi akamgeukia. "Ina nguvu?"

"Kisheria ni dhaifu sana. Mkurugenzi peke yake hawezi kutoa ufukwe. Ila jamaa ameiamini, ameingiza vizimba. Akienda mahakamani tunaweza kushinda baada ya miaka, na miaka yote hiyo chanja zitasimamishwa kwa amri ya muda."

"Basi itasomwa barazani," Mkurugenzi alisema. "Yote. Na hicho kipengele cha siri kisomwe kwanza." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe utakwenda mwaloni kuwaambia kabla hawajasikia kwa watu."

Adhabu ya barua nilipata, na iko kwenye jalada langu, mnaweza kuisoma. Ile ya kwenda mwaloni ilikuwa nzito zaidi. Nilimkuta Mama Nyangeta akigeuza dagaa na wenzake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna aliyenikaribisha kukaa.

"Kwa hiyo karatasi ya ufukwe wetu ilikuwa imelala kwako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Chini ya nini?"

"Chini ya fomu za likizo."

Wanawake wakacheka, cheko lisilo na furaha. Mmoja akasema, "Nayo ilikuwa likizo, muiache ipumzike." Mama Nyangeta hakucheka.

"Sisi tulisema tafuteni kwanza. Tulisema au hatukusema?"

"Mlisema."

"Tungejua wakati hatujakata hata mti mmoja, tungegombana na huyo bwana mapema, tukamalizana. Sasa tunagombana naye miti ikiwa imeshasimama." Akageuza dagaa kidogo. "Umekuja mwenyewe lakini. Karatasi haikuja yenyewe."

Barazani ilisomwa yote. Vikao vya baraza viko wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza ingawa haruhusiwi kusema. Anayesema ni diwani wake. Wanawake walikaa benchi la nyuma. Msomaji alipofika kwenye neno "siri", ukumbi mzima uliguna, hata madiwani waliokuwa marafiki wa mkurugenzi aliyetangulia. Diwani wa kata ile aliuliza swali moja tu: "Siri kwa nani? Maana ufukwe upo, na watu wake tupo." Ilichukua mpaka saa tisa. Mwisho Bwana Gerald alipata kipande cha upande wa mashariki cha kushushia chakula na kujenga ghala dogo, na wanawake wakabaki na kipande kikubwa. Chanja kumi na tano zilibaki mahali pake. Saba zilihamishiwa nyuma ya mawe, ambako jua linachelewa kufika asubuhi na dagaa hukauka nusu siku nyuma ya wenzao. Saba hizo ni deni langu mimi. Sikuzihesabu kama hasara ya halmashauri.

Maelewano na Bwana Gerald yakaandikwa upya, safari hii kwa utaratibu uliopitishwa siku hiyo hiyo, na ndio huu mnaoufuata. Kila hati ya maelewano inapewa namba siku inaposainiwa, hata kama aliyesaini bado yuko kwenye gari. Inaandikwa kwenye daftari lake: nani na nani, kuhusu nini, eneo gani, inaisha lini. Inapelekwa kwenye kikao cha baraza kinachofuata na kusomwa. Nakala inabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Haizidi mwaka mmoja, na ikitaka kuendelea lazima irudi barazani. Haigawi ardhi wala ufukwe bila azimio. Na mtu yeyote akija dirishani akiomba kuliona daftari, anapewa, bila kuulizwa analitakia nini. Kipengele hicho cha mwisho niliomba mimi. Mwanzoni wakuu wa idara walikinung'unikia.

"Kila mtu atakuja kutupekua," mmoja alisema.

"Waje," nilimwambia. "Viti vipo."

Kwa muda mrefu hawakuja wengi. Mwandishi wa habari mmoja, mwanafunzi wa chuo, mzee mmoja wa Pasiansi aliyetaka tu kujua kama tunaruhusu kweli, akaona tunaruhusu, akaenda zake. Kaimu mkurugenzi mmoja alijaribu kunipa karatasi kupitia dirisha la gari. Nilimwambia nikishaipa namba nitamletea nakala. Aliniangalia, kisha akaondoka, na kesho yake karatasi ikaja masjala kwa njia yake. Sikumwona kama mtu mbaya. Mtu mwenye madaraka akikuta mlango mwembamba umefungwa, mara nyingi anapita mkubwa. Kazi yenu ni kuufunga ule mwembamba kwa upole. Msigombane na mtu. Ombeni tarehe ya kuisha, andikeni namba, basi.

Mtu aliyekuja mara kwa mara alikuwa Mama Nyangeta. Alikuja na miwani ya kusomea aliyoinunua kwa ajili hiyo, alikaa kwenye benchi, akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho ya daftari, ile ya "inaisha lini". Hakuwa msomaji wa haraka. Siku moja alisimama na kidole chake kwenye mstari wa vizimba.

"Mama Kulwa, hii inaisha mwezi ujao?"

Niliangalia. Ilikuwa kweli. Na hakuna ofisini aliyekuwa amekumbuka, hata mimi.

"Inaisha, ndiyo."

"Wakitaka kuendelea lazima warudi barazani?"

"Lazima."

"Na sisi tunaweza kumpa diwani maneno yetu?"

"Mnaweza. Ila andikeni. Nileteeni, nitayapokea na kuyagonga mhuri."

Waliandika ukurasa mmoja, kwa mkono. Walisema wazi kwamba hawataki vizimba viondoke, maana wengine wana watoto wanaofanya kazi huko. Walichotaka ni ghala la chakula lisogezwe nyuma ya mawe, maana chakula cha samaki hakihitaji jua, na chanja saba zirudi mbele. Bwana Gerald, kusema kweli, alipoisoma alikubali kabla ya kikao. Aliniambia dirishani kwamba kama wangemwambia hivyo tangu mwanzo asingejenga ghala pale. Nilimjibu kwamba tangu mwanzo hawakujua wamwambie nani.

Baraza lilipitisha. Kwa mara ya kwanza hati ya maelewano ya ufukwe ule ilikuwa na saini tatu: ya Mkurugenzi, ya Bwana Gerald, na ya kikundi cha waanika dagaa. Chanja saba zilibebwa zikarudishwa mbele siku ya Jumapili baada ya ibada, niliambiwa, sikuwepo. Nilichokishuhudia mimi ni kutia saini, maana walitia saini masjala, mezani kwangu, wiki chache kabla sijastaafu.

Mama Nyangeta alisaini wa mwisho. Aliandika jina lake zima, polepole, akavua miwani, akasubiri wino ukauke. Niliandika namba. Nikampa nakala yake. Aliikunja akaiweka kifuani, kisha akaonekana kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Na yetu hii, inaisha lini?"

"Mwakani, tarehe kama ya leo."

"Hata sisi?"

"Hata nyinyi, mama. Mwaka mmoja, kisha mnarudi barazani kama wengine."

Alinitazama akipima kama nimemdhulumu au la. Kisha akacheka lile cheko lake la sauti, mpaka watu wa foleni dirishani wakainua vichwa.

"Sawa," alisema. "Basi mwakani tutafika kabla yao."